Mdogo wangu, akiba ya uvunguni inaoza

Mdogo wangu,

Juzi uliponipigia ukasema nyumba imejaa huna pa kukanyaga, na huku mkoba ni mtupu, nilinyamaza. Si kwamba nilikosa la kukuambia. Nilikuwa nimeketi sakafuni na mfuko niliotoka kuuvuta uvunguni mwa kitanda, na roho iliniuma.

Ndani mlikuwa na viatu vya mwanangu wa pili, vipya kabisa. Nilivinunua vikubwa makusudi kwa sababu bei ilikuwa imeshuka, nikaviweka avikute akikua. Nilipovikumbuka, mguu ulishavipita siku nyingi. Nikasema basi, nimpe mtoto wa jirani. Nikaibonyeza soli kwa kidole gumba, ikamomonyoka kama udongo mkavu. Fundi viatu akanieleza kwamba soli za povu la aina ile huliwa na unyevu wa hewa pole pole, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa.

Tumelelewa tukiambiwa akiba haiozi. Nauheshimu usemi huo, umetuvusha kwingi. Lakini vitu, mdogo wangu, vinaoza. Betri ikisahauliwa ndani ya tochi huvuja na kuila tochi yenyewe. Nguo ikikunjwa na unyevunyevu huota ukungu. Dawa hupita tarehe. Nawe unaendelea kuamini una akiba, kumbe umebaki na mzigo.

Naelewa kwa nini hatuachii. Mwenye pesa akitupa kitu leo, kesho anakinunua tena. Sisi tukitupa tumetupa. Ndiyo maana unanikera sana ule ushauri wa kutupa chochote ambacho hujakigusa mwaka mzima. Blanketi la mgeni likae. Sufuria kubwa ikae, hata ukiipikia mara moja kwa mwaka. Umaskini wa kuazima kila kitu nao unachosha.

Kilichokuwa kinanimaliza mimi ni kutojua nilicho nacho. Siku nilipomwaga droo zote sakafuni nilikuta mikasi 4. Minne! Kila mmoja niliununua nikiapa kwamba hatuna mkasi. Na chaja za simu ambazo zilishakufa zamani.

Kwa hiyo usianze na chumba, utachoka kabla ya adhuhuri. Anza na aina moja ya kitu: kusanya viatu vyote vya watoto kutoka kila kona, uvipange kwa namba. Vinavyomfuata mdogo vikae mbele, mfuko uandikwe namba kwa kalamu nzito, na kabla hujanunua jozi nyingine uufungue kwanza. Vilivyomkataa kila mtu vitoke wiki hiyohiyo, vikiwa bado na uhai wa kumfaa mwingine. Ukimaliza viatu, pumzika hata siku tatu. Halafu nguo. Vyeti na karatasi za watoto ziingie bahasha moja, na hizo usimpe yeyote azipange kwa niaba yako.

Vitu vya shemeji usivitoe bila kumuuliza, wala vya watoto. Mimi nilitoa mdoli mmoja kimya kimya, nikidhani binti yangu amemsahau. Miezi miwili baadaye nikakuta anaficha vitu vyake chini ya godoro. Nilimwomba radhi, na sasa tunachagua pamoja. Nakuambia, yeye huachia vingi kuliko mimi.

Limebaki sanduku la mama lililo chumbani kwako. Najua hujalifungua tangu tulipomzika, na najua unalizunguka kila unapofagia. Hilo usiliguse peke yako. Nakuja Jumamosi, tulifungue wawili, na tukishindwa kutoa hata kitambaa kimoja tutalifunga tena. Nitakuletea mkasi pia, usinunue.

Dada yako