Mapaa ya asbesto Tanga: hatari iko katika kuyavunja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalozidi kuonekana mitaani kwetu tangu watu waanze kubomoa nyumba za zamani ili wajenge fremu za maduka na nyumba za wageni. Baadhi ya majengo hayo, pamoja na mabohari na nyumba za wafanyakazi zilizojengwa katikati ya karne iliyopita, yaliezekwa kwa mabati ya asbesto, yaani saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini yasiyoungua wala kuoza. Hivi karibuni, si mbali na ninapoishi, vijana walipandishwa juu ya paa la aina hiyo wakiwa na nyundo, wakayaangusha mabati mpaka yakavunjika, wakafagia vumbi bila kumwagia hata tone la maji, na jioni majirani wakaruhusiwa kuchukua vipande vya kuezekea mabanda ya kuku. Hakuna aliyekusudia ubaya pale, na nadhani mwenye nyumba aliona anafanya ihsani kugawa mabaki.

Nilipouliza, nilipata majibu ya aina mbili. Wengine walisema wamelala chini ya mapaa hayo tangu utoto na hawajaona dhara lolote. Wengine, waliosikia habari ya saratani, walitaka kila paa la asbesto Tanga nzima lishushwe mara moja. Mimi niliyefanya kazi ya bwana afya hadi kustaafu naona hawa wa pili ndio watakaotuletea madhara makubwa zaidi, ingawa ndio walio karibu na ukweli. Bati zima ambalo halijapasuka wala kutobolewa limezifunga nyuzi zake ndani ya saruji, na anayelala chini yake yuko katika hatari ndogo. Bati hilohilo likipigwa nyundo, likikatwa kwa msumeno wa umeme au likikwanguliwa kwa brashi kavu, nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho hupaa hewani na kukaa humo kwa saa nyingi. Kwa kawaida asbesto katika bati la namna hii ni kati ya asilimia 10 na 15 tu, lakini hicho kidogo kinatosha. Kitambaa cha kufungia pua, au barakoa zile tulizozoea wakati wa korona, havizuii nyuzi hizo.

Zikishavutwa, mwili hauwezi kuzivunja wala kuzitoa zote. Zinazobaki huchokoza mapafu mwaka hadi mwaka mpaka yakafanya makovu na kukakamaa, na huo ndio ugonjwa uitwao asbestosi, ambao hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Nyuzi hizo husababisha pia saratani ya mapafu, ya koo la sauti na ya ovari, na mesotelioma, saratani kali ya utando unaozunguka mapafu au matumbo. Anayevuta sigara na pia akavuta vumbi la asbesto hatari yake ya saratani ya mapafu huongezeka kupita ya kila kimoja peke yake, ila mesotelioma haichagui mvutaji na asiyevuta. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma nchini Afrika Kusini, wengi wao kutoka maeneo ya migodi ya asbesto ya buluu, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kushika sururu bali waliishi tu karibu na machimbo walipokuwa watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini.

Kinacholala katikati ya hayo yote ni muda. Magonjwa haya huchukua miaka 20 hadi 40, na wakati mwingine zaidi, kabla ya kujionyesha. Ndiyo maana yule anayesema hajaona dhara husema kweli ya leo. Ndiyo maana pia nina wasiwasi na hospitali zetu kuliko mapaa yenyewe. Mzee anapofika na kikohozi kikavu, pumzi inamkata akipanda ngazi, amekonda, na picha inaonyesha maji kifuani, wazo la kwanza la tabibu ni kifua kikuu, na hana kosa, kwa kuwa kifua kikuu ndicho kilichojaa. Lakini makohozi yakipimwa mara kwa mara bila kuonekana vimelea, na dawa za miezi sita zikaisha bila nafuu, ni lazima mtu aulizwe swali ambalo kadi zetu za wagonjwa hazina nafasi yake: maishani mwako umefanya kazi gani? Aulizwe kama aliwahi kuwa fundi paa, kibarua wa kubomoa, fundi wa boila au wa breki. Na mama aulizwe mumewe alikuwa akifanya kazi gani, kwa sababu wapo wake walioupata ugonjwa kwa kukung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Sasa kijana aliyeokotwa kijiweni asubuhi na kulipwa jioni, asiye na mkataba wala jina lake kuandikwa popote, mwaka 2055 atathibitisha vipi kwamba alibomoa paa lile?

Ombi langu kwa halmashauri yetu ni kwamba kibali cha kubomoa kisitolewe kabla ya kujulikana paa ni la nini. Kwa macho huwezi kutofautisha bati la asbesto na la saruji lisilo na asbesto. Linahitaji kupimwa kwa hadubini, na pasipo kipimo lihesabiwe kuwa ni asbesto. Bati lilowanishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, lifunguliwe misumari na kushushwa zima, lifungwe katika nailoni nzito mara mbili, liandikwe, kisha lizikwe mahali palipotengwa jaani na kufunikwa udongo. Kulichoma hakusaidii, maana nyuzi haziungui na bati lenyewe hupasuka kwa kishindo motoni. Mafundi nao wasilikanyage moja kwa moja. Bati kuukuu huvunjika ghafla, na kuanguka huua siku hiyohiyo bila kusubiri miaka 40.

Wanaokinga maji ya mvua kutoka kwenye mapaa hayo wananiuliza sana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha mwisho cha asbesto katika maji ya kunywa, kwa kuwa ushahidi wa madhara ya kumeza nyuzi haujatosha. Hatari iliyothibitika wazi ni ya kuvuta hewani. Binafsi ningekinga maji hayo kwa kufulia, huku nikiangalia mashapo ya gata yasije yakakaukia kwenye nguo.

Waliochukua vipande vya kuezekea mabanda wasivikate wala kuvitupa barabarani kujazia mashimo, ambako magari yatavisaga. Wavilowanishe, wavifunge, wavihifadhi mbali na watoto, na wamwarifu afisa afya wa kata. Naye apewe mahali pa kuvipeleka, maana kwa sasa hata akivipokea hana pa kuviweka.

Mstaafu wa afya,
Chumbageni, Tanga