Tuuziwe kiti, si gari zima, katika hifadhi zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu wananchi wa kipato cha kawaida na hifadhi zao za wanyama. Hoja yangu nitaianzia mbali kidogo, Florida, Marekani, ambako mwaka jana niliwatembelea ndugu zangu, nao wakatupeleka mimi na watoto katika bustani ya Disney iitwayo Animal Kingdom.

Bustani hiyo ilifunguliwa Aprili 22, 1998, na kivutio chake kikubwa ni Kilimanjaro Safaris. Mgeni hupita kwanza katika kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, ambacho majengo yake yameiga yale ya Lamu, kisha hupanda lori lililo wazi ubavuni pamoja na abiria wengine wapatao thelathini, na dereva ndiye mwongozaji wao. Safari yenyewe haifiki nusu saa. Mibuyu mingi ni ya saruji, na kati ya lori na simba kuna kizuizi ambacho abiria hakioni, lakini wanyama wenyewe ni hai na wanaonekana kwa karibu mno. Juu ya kila safu ya viti zimebandikwa picha za wanyama, na mtoto aliyekaa mbele yetu alikuwa akiinua kichwa na kukishusha, akilinganisha pembe za palahala na picha yake kabla dereva hajatamka jina. Twiga aliposimama katikati ya njia, lori zima lilimsubiri hadi alipoamua mwenyewe kuondoka. Miaka ya mwanzo safari hiyo ilikuwa na hadithi ya kubuni ya kuwafukuza majangili. Baadaye iliondolewa, abiria wakaachiwa wanyama wawaangalie, na naamini huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Kasoro zipo. Okapi, ambaye porini anaishi katika misitu ya Kongo peke yake, anaonyeshwa chini ya jina la mlima wetu, na mtoto asiyeelezwa ataondoka akidhani anapatikana Moshi. Kiingilio nacho, zaidi ya dola 100 kwa mtu kwa siku, si cha kila familia. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba pale ni mahali pa michezo tu. Mwaka 2006 faru weupe wawili, Nande na Hasani, walitolewa katika bustani hiyo na kupelekwa katika hifadhi ya faru iitwayo Ziwa, huko Uganda, nchi iliyokuwa imepoteza faru wake wote kwa ujangili. Na mwaka 2009 Nande alizaa dume lililoitwa Obama, kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani.

Lakini kilichonifanya niandike barua hii ni namna ya kuingia. Katika lori lile kila mtu ana kiti chake, awe amekuja peke yake au na ukoo mzima, na hakuna anayeulizwa kama ana gari. Kwetu kiingilio cha raia katika hifadhi za taifa ni kidogo, wala sina malalamiko juu yake. Kinachomshinda mwananchi ni gari. Niliporudi nilimuuliza wakala mmoja wa utalii bei ya kuipeleka familia yangu Mikumi kwa siku moja, akanitajia gharama ya gari zima kwa dola, kana kwamba nimeshuka kwenye ndege. Ndiyo maana maelfu ya watu wanaosafiri kwa basi kwenda Iringa na Mbeya huwaona tembo, twiga na nyati kupitia dirishani, katika kipande cha kilomita zipatazo 50 ambapo barabara kuu inaikata hifadhi hiyo, na wengi wao hawajawahi hata mara moja kuingia langoni.

Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964. Lango lake liko kando ya lami, bwawa la viboko haliko mbali na lango hilo, na uwanda wa Mkata ni wa wazi kiasi kwamba hauhitaji gari la kifahari wala mwongozaji mwenye darubini ya bei mbaya ili kumwona mnyama. Tangu mwaka 2024 treni ya kisasa inamfikisha mtu wa Dar es Salaam mjini Morogoro, mkoa ilimo hifadhi hiyo, kwa muda usiozidi saa mbili hivi.

Kwa hiyo naiomba TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, pamoja na mwekezaji yeyote wa ndani atakayeona faida humo, waweke pale langoni gari la pamoja lenye ratiba inayojulikana: safari ya asubuhi na ya alasiri, nauli kwa kiti, kwa shilingi, na mwongozaji anayeeleza kwa Kiswahili. Picha za wanyama juu ya viti hazigharimu kitu cha kutisha. Kwa kuanzia, Jumamosi, Jumapili na likizo za Juni na Desemba zingetosha, kwa kuwa ndizo siku ambazo wazazi wana nafasi na watoto hawana masomo.

Mzazi,
Morogoro