Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Simu katika Somo la Utunzi wa Mashairi

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita niliwaomba tulipie programu ya simu ya kufundishia utunzi, mkanikubalia. Naanza na deni hilo. Programu ile haikutufaa. Ilihesabu silabi kwa masikio ya Kiingereza: neno "mtoto" ikalipa mizani 2 badala ya 3, na mwanafunzi aliyetunga sawasawa akaambiwa mshororo wake umepungua. Baadhi yenu mlinieleza mapema. Nilichelewa kuwasikiliza.

Kilichotufaa tulikuwa nacho tangu mwanzo: kinasa sauti cha simu, ambacho hata bando hakihitaji. Darasani kwangu mwanafunzi mmoja alitetea ubeti wake nusu kipindi nzima, akishikilia kwamba mizani imetimia. Nikampa simu yangu akajirekodi akighani, kisha akajisikiliza. Alipofika mshororo wa tatu akanyamaza, akachukua kifutio. Sauti ilikuwa imejikwaa, naye aliisikia. Kalamu yangu nyekundu haijawahi kunifikisha hapo.

Zoezi la ujumbe mfupi nalo lilipendwa. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa humo humo. Mshororo kama "Huku nakutazamia, kule hutaki kunena" una mizani 16, nao unakula nafasi 36 tu. Ubeti wa tarbia, yaani wa mishororo minne, wa namna hiyo unaenea ndani ya ujumbe mmoja na kubakiza kidogo, lakini ukipenda maneno marefu marefu unafurika. Vijana walianza kubishania neno moja moja, jambo nililokuwa nikiwabembeleza walifanye miaka yote. Simu moja, kwa ujuaji wake, iligeuza "huku" ikawa "haiku". Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, ukafika mizani 9 badala ya 8, darasa likaangua kicheko. Siku hizi tunazima masahihisho ya simu kabla ya kutunga.

Kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi kilijaa vibonzo na salamu za asubuhi, tumekifunga. Zaidi ya hapo, zimeanza kutufikia tungo zenye vina safi mno zisizo na mtu ndani yake, na sote tunajua zinatoka kwenye programu za akili mnemba. Ndiyo maana kamati imeagiza kila shairi liletwe pamoja na rekodi za rasimu zake, kukwama na kurudia kukiwamo.

Pale shule inapokataza wanafunzi kuja na simu, ya mwalimu inatosha, ikizungushwa kwa vikundi.

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi napendekeza tusilipie tena programu ile, fedha zake zinunue simu zilizotumika, zisizo na laini, za kurekodia tu. Katibu hakubaliani nami. Anaamini programu inaweza kurekebishwa, na nimemwomba aeleze hoja yake mwenyewe kabla hatujapiga kura.