Barua kwa mwanangu: ile simu uliyoilaza kifudifudi

Mwanangu mpenzi,

Juzi jioni nilipoingia chumbani uliilaza simu kifudifudi kitandani, ukajifanya unatafuta soksi. Sikusema kitu. Nilikwenda zangu jikoni nikajiuliza nimefanya nini hata mtoto wangu aone afadhali kunificha. Ulinionyesha mwenyewe baadaye, na nakushukuru: mchezaji wa kwenye gemu aliyekuahidi sarafu za bure, kisha akakuuliza, "Mama yako yupo karibu?"

Hebu tazama alivyoyapanga. Kwanza alikusifu unavyocheza. Ikaja zawadi, kisha umri wako, kisha kama uko peke yako. Halafu akataka mhamie programu nyingine, akamalizia na "usimwambie mtu". Huenda ni mtoto kweli, sikatai, lakini mtoto mwenzio ana haja gani ya kujua mama yako yuko wapi? Watu wazima wenye nia mbaya huenda hivyohivyo, pole pole, kila ombi likilizidi la jana kidogo tu. Na hizo sarafu hazipo. Mwishowe angekuomba nywila, kisha angeondoka na akaunti yako.

Nami nina langu la kuungama. Siku yako ya kwanza darasa la kwanza nilikupiga picha mlangoni, nembo ya shule inasomeka kwenye sweta, nikaitupia mtandaoni pamoja na jina lako lote. Nilifurahia sifa nilizopata! Wiki hii nimeifuta, ila aliyeihifadhi kwenye simu yake anayo mpaka leo. Tena picha hubeba mambo yasiyoonekana. Kamera ikiruhusiwa kujua mahali ilipo, faili lenyewe huandikwa latitudo na longitudo, yaani namba zinazoonyesha kwenye ramani pale ulipopiga. Mitandao mingi mikubwa huyaondoa maelezo hayo unapoiweka picha, lakini ukiituma kama faili yanaweza kubaki. Nimeizima ruhusa hiyo ya kamera kwenye simu zote mbili. Na kuanzia sasa nitakuomba ruhusa kabla ya kuweka picha yako, ukikataa, basi.

Ile akaunti ya mtandao wa kijamii unayoililia, jibu ni lilelile: bado. Najua wenzako wanazo. Wameandika mwaka wa uongo. Kikomo cha miaka 13 cha kufungua akaunti sikukitunga mimi. Chanzo chake ni sheria ya Marekani ya 1998, inayokataza kampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo bila idhini ya mzazi, na kampuni nyingi zikaona rahisi kuwafungia mlango kabisa. Ukijiandika una miaka 20, programu inakuhesabu mtu mzima, na ule ulinzi iliowawekea watoto haukuhusu tena. Wewe una miaka tisa. Ngoja.

Yule mtu akirudi, usimjibu, hata kwa kumtukana. Usiyafute maneno yake pia, ingawa utatamani. Piga picha ya skrini, mzuie, niletee. Niletee hata kama umeshamjibu. Hata kama umeshamtumia picha unayoionea aibu na sasa anakutisha kwamba ataisambaza. Hapo ndipo nataka unijie mbio zaidi, usiku au mchana, hata nikiwa nimelala. Sitakunyang'anya simu kwa sababu umesema. Wazazi wengi tunakosea hapo: mtoto analeta habari, tunachukua simu, na siku nyingine hasemi tena. Nimeandika badala ya kukwambia kwa mdomo ili uwe na ushahidi. Siku nikisahau na kuanza kufoka, nitolee barua hii.

Ukimaliza kazi za shule njoo sebuleni unifundishe hilo gemu lako. Nililijaribu jana usiku mkiwa mmelala, nikafa mara sita kabla sijavuka lile daraja la kwanza.

Mama yako