Kabla hujamwambia msaidizi akupangie

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifurahisha sana, hasa kusikia kwamba hatimaye mmekubaliana kuhamisha kumbukumbu za chama kutoka kwenye madaftari na kuziingiza kwenye kompyuta. Umeniuliza kama msaidizi wa akili mnemba anaweza kukupangia kazi hiyo na kukuamulia mtumie programu ipi. Kupanga atakusaidia. Kuamua msimwachie.

Ukimwandikia tu "nipangie mradi wa kuhamisha kumbukumbu", mpango utaupata papo hapo, una awamu, majedwali na tarehe. Lakini hajui madaftari ni mangapi, wala nani kati yenu anaweza kuusoma mwandiko wa katibu aliyepita. Asichokijua atakikisia, tena kwa maneno ya uhakika kiasi kwamba hutatambua kuwa ni makisio. Ndiyo maana nakusihi uanze kwa kumwandikia stadi.

Stadi ni maelekezo unayoyaandika mara moja, naye akayafuata kila inapojitokeza kazi ya aina hiyo. Kampuni ya Anthropic ilizileta kwa msaidizi wake Claude mnamo Oktoba 2025. Ni folda yenye faili liitwalo SKILL.md: juu kuna jina na maelezo mafupi, chini yake utaratibu wenyewe. Kwanza msaidizi huona yale ya juu tu, na kazi ikiendana nayo ndipo husoma yaliyobaki. Kwa hiyo usiandike "husaidia miradi". Andika "tumia ninapopanga kazi ya watu kadhaa yenye tarehe ya mwisho". Kama msaidizi wako hana sehemu ya stadi, maandishi hayohayo yabandike mwanzoni mwa mazungumzo.

Yangu inaanza hivi: "Usitoe mpango kabla ya kuniuliza. Uliza swali moja moja. Nisipokuwa na jibu, liweke kwenye orodha ya yasiyojulikana, usikisie." Hiyo orodha naithamini kuliko mpango wenyewe, maana ndiyo inayoonyesha kazi ya kwanza ni ipi.

Kuhusu muda, kuwa mkali. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walieleza mwaka 1979 jinsi watu wanavyokadiria muda kwa kutazama kazi iliyo mbele yao, wakasahau kazi zinazofanana nayo zilichukua muda gani. Jumba la opera la Sydney lilitarajiwa kukamilika 1963, likafunguliwa 1973. Basi ongeza mstari huu: "Kabla ya kukadiria, niulize kazi kama hii ilichukua muda gani zamani." Ninyi hamna ya zamani, kwa hiyo ingizeni daftari moja kwanza huku mkiangalia saa.

Kuna pia zoezi la mwanasaikolojia Gary Klein, alilolieleza mwaka 2007: mnajifanya mradi umeshashindwa, kisha kila mmoja anataja sababu. Msaidizi atakutajia nyingi, kwa mfano mwanachama mmoja kuingizwa mara mbili kwa sababu jina lake limeandikwa kwa tahajia tofauti. Lakini tafadhali, wenzako waandike za kwao kabla ya kuiona orodha yake. Wakiisoma kwanza watazunguka humohumo, na yule anayejua kwamba daftari fulani liko nyumbani kwa mtu atanyamaza.

Sasa uamuzi. Wasaidizi hawa wana tabia ya kukubaliana na anayeuliza. Ukimuuliza "programu hii si ndiyo bora?", usishangae akiitikia. Mwambie aitetee kwa nguvu zote ile usiyoipenda, kwa vigezo mlivyokubaliana ninyi. Halafu mwamue kikaoni, kwa sababu ninyi ndio mtakaoulizwa na wanachama kumbukumbu zikipotea. Mwombe tu aandike mlichokichagua, mlichokikataa, sababu, na jambo litakalowafanya mlifikirie upya.

Majina na namba za simu za wanachama usimpe. Mtungie mifano.

Andika rasimu ya stadi yako, hata iwe mistari michache, unitumie kabla ya kikao. Nitaipitia siku hiyohiyo. Na mkimaliza lile daftari la kwanza, nijulishe limechukua saa ngapi.

Wako akupendaye