Barua kwa Rehema kuhusu mdudu aliye ndani ya sandarusi

Nyegezi, Mwanza
Jumapili usiku

Kwako Rehema,

Salamu za upendo zikufikie wewe, mzee na watoto wote. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama Kulwa bado anasumbuliwa na goti. Nakiri kosa la kukaa kimya tangu Pasaka, na ningeliomba radhi kwa kirefu kama si jambo lililonifanya nishike kalamu usiku huu, madirisha yote yakiwa yamefungwa kwa sababu ya wadudu wa ziwani, ambao leo jioni walipanda juu ya maji kama moshi wa moto wa nyasi.

Jambo lenyewe ni la Dotto. Amerudi kutoka Unguja na kipande cha kitu cha rangi ya asali, kikubwa kama yai la kwale, na ndani yake amelala mdudu mmoja mwenye mbawa. Aliyemuuzia alimwambia kwamba ni kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe kwa mamilioni ya miaka, naye akaamini, akatoa fedha ambazo mpaka sasa hajathubutu kumtajia mkewe. Nilikitia kwanza katika maji ya chumvi nyingi, kikaelea, nikajua kwamba si kioo. Kisha nikaazima kwa mkewe dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nikadondosha tone moja pembeni, na baada ya muda mfupi kidole changu kikanata. Kaharabu haifanyi hivyo kwa urahisi. Hiyo ni sandarusi, Rehema, utomvu wa msandarusi ambao wazee wa pwani walikuwa wakiuchimba ardhini na kuuza ng'ambo kwa watengenezaji wa vanishi, na umri wake hauzidi miaka elfu chache. Dotto amenikasirikia tangu siku hiyo.

Sikuandiki ili nimcheke, ingawa nimecheka. Nakuandikia kwa sababu ya mdudu. Nilimtazama kwa lenzi ya mkono mpaka macho yakauma, na naamini kwamba ana papasi zenye manyoya kama za dume la mbu, ila mdomo wake nauona mfupi mno kuwa wa mbu. Ukikumbuka masomo yetu, utajua mara moja kilichonikosesha usingizi: anafanana na hawa wanaogonga madirisha yangu sasa hivi, wale ambao kule Nyasa huitwa kungu na kukandwa kuwa mikate. Viluwiluwi vyao huishi majini, vinang'aa kama kioo, mchana hujificha chini na usiku hupanda kuwinda. Hawaumi mtu, lakini kwa nasaba ni watoto wa shangazi wa mbu.

Lenzi yangu haiwezi kunionyesha bawa vizuri, na bawa ndilo shahidi. Kama mshipa wa ukingoni unazunguka bawa lote, tuko katika ukoo wa mbu na hao binamu zao. Kama unakoma karibu na ncha, basi ni wale wadudu wengine wa ziwani, wajomba wa mbali, na nitakuwa nimekesha bure. Ukishaona kwamba unazunguka, tafuta magamba juu ya mishipa: mbu anayo, binamu yake ana vinyweleo tu. Wala usidanganywe na ukweli kwamba ana mbawa mbili na vile virungu viwili vya kushikia mizani nyuma yake, kwa maana wadudu karibu wote wa kundi la nzi, mbu wakiwemo, wanavyo, na havitatuambia yuko karibu na nani.

Hilo ndilo alilolisisitiza Willi Hennig, yule Mjerumani ambaye mwalimu wetu alimtaja mara moja tu na kupita haraka. Alikuwa mtaalamu wa nzi, akatumikia jeshi katika mambo ya malaria, na rasimu ya nadharia yake aliiandika akiwa mateka wa Waingereza mwaka 1945. Baadaye alirudi kwenye nzi wa kaharabu ya Baltiki na kuwapanga kwa nadharia hiyohiyo. Alisema kwamba undugu hauthibitishwi kwa sifa za kale ambazo kila mmoja amezirithi, bali kwa sifa mpya iliyozuka kwa babu fulani na kubaki kwa wajukuu zake peke yao. Ukija kwetu na kudai kwamba wewe ni wa ukoo wa Mzee Masanja kwa kuwa una masikio mawili, watakupa chai na kukuaga. Ukija na kile kidole gumba chake kilichopinda, watakuonyesha mahali pa kulala.

Na usidhani kwamba haya ni magumu kwangu tu kwa sababu ya lenzi yangu mbovu. Mwaka 2023 walitangazwa madume wawili kutoka kaharabu ya Lebanoni, yenye umri wa kati ya miaka milioni 125 na 130, wakaitwa mbu wa kale kuliko wote, na ajabu yake ni kwamba midomo ya madume hao ilikuwa na makali ya kutoboa ngozi, wakati leo ni majike tu wanaofyonza damu. Haukupita muda mrefu, wakatokea wataalamu wengine wakasema kwamba hao si mbu hata kidogo, ni wa upande wa binamu, yaani upande wa hawa wa dirishani kwangu! Watu wenye hadubini bora duniani wanagombana juu ya swali lilelile ninalokuuliza mimi kuhusu mdudu wa Dotto.

Najua utasema kwamba mdudu wa miaka elfu chache hana la kutufundisha kuhusu mageuko. Kwa umri wake ni kweli. Hata vinasaba usivitarajie, kwa kuwa waliojaribu kuvitoa kwa nyuki walionaswa katika utomvu mchanga kama huu hawakupata kitu. Lakini kaharabu ya Jamhuri ya Dominika ilitokana na mti uliokwisha kutoweka, wa jenasi moja na msandarusi, na inasemekana mti huo ulifanana zaidi na msandarusi wa pwani yetu kuliko na jamaa zake wa Amerika waliopo leo. Basi ukitaka kujua utomvu wa namna hiyo huwanasa wadudu gani na kuwaacha gani, utatazama wapi kama si katika sandarusi? Halafu mdudu wa majini alifikaje kwenye shina la mti? Nimeanza kufikiria madimbwi, lakini nitasubiri jicho lako.

Tatizo ni kwamba Dotto amekwisha kupata mnunuzi hapa mjini, na bado anaiita kaharabu. Nimemwomba asubiri wiki mbili, na kwa kuwa anasafiri kwenda Dar es Salaam, atashuka Morogoro akuachie. Tafadhali usiifute kwa spiriti. Kama uso wake umepinda na kuharibu picha, weka tone la gliserini na kioo chembamba juu yake badala ya kuisugua.

Je, taa ya hadubini yenu ilitengenezwa, au bado mnategemea jua la dirishani? Unaweza kunipigia picha ya bawa kwa simu kupitia lenzi ya jicho? Ukiona magamba, utaniambia mara moja, au utanitesa kama ulivyonitesa na matokeo ya kidato cha sita? Na Dotto nimwambie nini kuhusu mnunuzi, maana mkewe ameanza kuniuliza kwa nini nilihitaji dawa yake ya kucha? Na Salum, ni kweli amestaafu?

Dotto ataondoka Jumatano alfajiri. Sandarusi itakuwa ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, imezungushiwa pamba. Mpe chai kwanza, kisha umwombe kopo. Ukianza na kopo atakasirika.

Wako,
Leticia