Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: maonyesho ya filamu ya kila mwezi yalifanyika, kodi ya ukumbi ililipwa na projekta ilitengenezwa, tena kwa jitihada zangu mwenyewe.

Lililozua maneno ni uamuzi wa Kamati Tendaji, uliopitishwa kwa pendekezo langu, wa kuutenga msimu mzima kwa mwigizaji mmoja wa Kijapani, Chishu Ryu. Baadhi yenu mlilalamika kwamba mlitarajia samurai na mapanga, mkaletewa mzee aliyeketi mkekani. Malalamiko hayo yamesemwa sana vibarazani, lakini kikaoni hayakuwahi kuletwa.

Ryu alizaliwa mwaka 1904 mkoani Kumamoto, akiwa mtoto wa kuhani wa Kibudha, akajiunga na studio ya Shochiku katika miaka ya 1920, na hadi alipofariki mwaka 1993 alikuwa amecheza filamu zaidi ya 160, zikiwemo 52 kati ya 54 alizoongoza Yasujiro Ozu. Anayedai kuwa mtu huyu hafanyi kitu na aitazame upya filamu ya Ozu ya mwaka 1953, Tokyo Monogatari. Ryu alikuwa na miaka 49, lakini alicheza baba mzee wa watoto wazima. Chieko Higashiyama aliyecheza mkewe alimzidi umri kwa zaidi ya miaka 13, ilhali Haruko Sugimura, binti yake mkubwa katika filamu, alikuwa mdogo wake kwa miaka isiyotimia 5. Hakuna aliyeligundua hilo ukumbini mpaka nilipolitaja. Uzee ule ulikaa mgongoni na katika namna ya kuitikia polepole, si katika nywele zilizopakwa mvi peke yake.

Katika Banshun, filamu ya Ozu ya mwaka 1949, Ryu anacheza baba ambaye, baada ya kumwoza binti yake, anarudi nyumbani peke yake na kumenya tufaha. Ganda linaanguka, naye anainamisha kichwa. Ozu alimtaka alie kwa sauti, Ryu akasema hawezi, na nadhani sote tumenufaika. Ozu alifariki mwaka 1963, lakini kazi ya Ryu haikukoma: kuanzia mwaka 1969 alicheza kuhani wa hekalu katika mfululizo wa filamu za vichekesho za Tora-san, yaani kamera ilimrudishia joho aliloliacha kwao.

Kuhusu mahudhurio, nasikitika kwamba waliopinga msimu huu kwa sauti kubwa ndio ambao hatukuwaona, na onyesho la mwisho lilitazamwa zaidi na viti. Zaidi ya nusu yenu hamjalipa ada, wengine kwa mwaka wa pili, na Mweka Hazina amechoka kuwapigia simu.

Mwakani, Mungu akijalia na ada zikiingia, tunatarajia kupanua shughuli zetu kwa kadiri hali itakavyoruhusu. Ombi la filamu za samurai limepokelewa, na Kamati italijadili kwa wakati mwafaka.

Mwenyekiti